Usingizi na Uzazi wa Mwanamume

Ng'ombe akipandishwa mara tatu asishike mimba, mkulima wa Tetu hakawii kuuliza maswali. Huuliza kama ng'ombe alipandishwa kwa wakati wake, kama analishwa vizuri, kama ana ugonjwa; tena huuliza habari za ndume. Ndume huyo ni wa nani? Ana umri gani? Amezaa ndama wangapi kijijini? Na kama mbegu zilitoka Kabete, ambako kituo cha mbegu za ndume kilianzishwa mwaka wa 1946, mkulima hana wasiwasi sana kwa upande huo, maana ajua ya kuwa mbegu zile zilitazamwa kwa hadubini kabla ya kugandishwa, na zilizo dhaifu zikatupwa.

Lakini mke wa mkulima huyo huyo akikaa mwaka mmoja au miwili bila kupata mimba, maswali yote humwendea mke peke yake. Hupelekwa kwa waganga, huombewa, husemwa na mama mkwe, na mwisho pengine hurudishwa kwao akiitwa thaata, yaani tasa. Hakuna aulizaye habari za mume. Jambo hili si haki, tena si akili ya ukulima. Madaktari wasema kwamba kati ya mume na mke wasiopata watoto, karibu nusu ya safari mume naye ana sehemu katika kasoro hiyo, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Wala si shida ya watu wachache: Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka wa 2023 kwamba karibu mtu mmoja katika kila watu sita duniani hupatwa nayo wakati fulani wa maisha yake.

Sababu za upande wa mume ni nyingi. Hapa nitaeleza moja ambayo wengi hawaidhanii kabisa, nayo ni kukosa usingizi. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, si daktari. Niliyoyaandika ni yale ambayo wenye elimu hiyo wameyapima na kuyachapisha.

Kazi ifanywayo usiku

Mwili wa mwanamume hutengeneza mbegu kila siku, tangu balehe hata uzeeni. Kazi hiyo hufanyika ndani ya korodani, nazo zimewekwa nje ya mwili kwa sababu kazi yenyewe yataka ubaridi kidogo, digrii 2 hata 4 chini ya joto la mwili. Lakini korodani hazijiamrishi. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya njegere, nayo hupeleka ujumbe kwa njia ya damu kuziambia zifanye kazi. Zikipata ujumbe huo hutoa homoni iitwayo testosteroni. Homoni hii ndiyo iliyompa kijana ndevu na sauti nzito. Ndiyo inayompa mtu mzima nguvu ya misuli na hamu ya mke wake. Na bila hiyo mbegu haziwezi kukomaa.

Sasa, homoni hiyo haikai katika kiwango kimoja usiku na mchana. Mtu akishikwa na usingizi huanza kupanda katika damu, hufika juu karibu na wakati wa ndoto za kwanza, hukaa juu mpaka alfajiri, kisha hushuka polepole mchana kutwa, hata jioni huwa chini. Ndiyo sababu daktari akitaka kuipima humwambia mtu aje atolewe damu asubuhi na mapema. Kupanda huku kwataka angalau muda wa saa 3 hivi za usingizi mzuri. Mtu anayelala kidogo, akaamshwa na mbwa, akalala tena nusu saa, akaamka kutazama nani apita barabarani, huyo ni sawa na mtu anayewasha moto kwa kuni mbichi: kila unapotaka kushika huzimika.

Jambo moja zaidi, nalo ni jema kwa walinzi wa usiku. Si giza lenyewe liletalo homoni, bali usingizi. Wachunguzi waliowalaza watu mchana badala ya usiku waliona homoni ikipanda katika usingizi ule wa mchana pia.

Hesabu ya usiku mmoja

Tufanye hesabu ya mkulima mmoja wa sehemu za Wamagana mwezi wa Novemba, kahawa inapoiva kwa wingi. Saa kumi ya alfajiri ameamka kukamua, maana gari la maziwa halingoji mtu. Mchana kutwa ni kuchuma. Kahawa iliyochumwa leo yatakiwa kumenywa leo, isije ikachacha, kwa hiyo jioni yuko kiwandani katika foleni, na magunia yake miguuni. Afika nyumbani saa tatu ya usiku, aoge, ale, asikilize habari za karo na za ndama mgonjwa, na saa tano ndipo alale. Saa kumi yuko macho tena. Hizo ni saa 5 za usingizi. Na kama ni zamu yake kulinda ghala ya chama, kwa kuwa wizi wa kahawa ya maganda umekuwa balaa katika wilaya zetu, hata hizo 5 hazipati.

Kule juu kwenye chai ni vivyo hivyo. Mtu hungoja bandani lori la majani mpaka giza liingie, na wafanyakazi wa viwandani huingia kwa zamu usiku na mchana, kwa sababu jani likishachumwa haliwezi kungoja. Wazee waliolima kando ya msitu wa Aberdare wakumbuka taabu nyingine, yaani kukesha shambani wakifukuza nguruwe na ndovu. Uzio wa umeme uliomalizika mwaka wa 2009, wenye urefu wa karibu kilomita 400, umewarudishia watu wengi usingizi wao, ingawa haukujengwa kwa ajili hiyo.

Lakini tuseme kweli: si usiku wote upoteao kwa kazi. Mpira wa Ulaya huisha karibu saa saba ya usiku, na wanaoutazama hawana kahawa yoyote wanayoilinda. Kuna na simu, ambayo humfanya mtu akae macho kitandani saa nzima akisoma maneno ya watu asiowajua.

Sasa tazama yaliyopimwa. Mwaka wa 2011 Rachel Leproult na Eve Van Cauter wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha habari za vijana 10 wazima, wenye umri wa miaka 24 hivi. Kwanza waliachwa walale vya kutosha; kisha kwa muda wa usiku 8 waliruhusiwa kulala saa 5 tu. Testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa 10 hata 15 kwa mia. Katika maisha ya kawaida homoni hiyo hupungua kwa 1 au 2 kwa mia kila mwaka mtu anapozeeka. Basi kwa juma moja tu la usingizi haba, vijana hawa walipoteza kiasi ambacho uzee humnyang'anya mtu kwa miaka 5 hata 15. Na saa zile 5 ndizo zile zile za mkulima wetu wa Novemba.

Ni kweli kwamba watu 10 ni wachache, nami nisingeuza ng'ombe kwa ushahidi wa watu 10. Lakini kuna wengine. Huko Denmark, mwaka wa 2013, ilichapishwa habari ya vijana 953 walioulizwa juu ya usingizi wao na kupimwa mbegu. Wale ambao usingizi wao ulikuwa wa taabu zaidi walikuwa na mbegu pungufu kwa 29 kwa mia. Mwaka wa 2016 zikatoka habari za wanafunzi 796 wa Chongqing katika China. Waliolala muda wa saa 7 hata saa 7 na nusu ndio waliokuwa na mbegu nyingi kuliko wote. Waliolala saa 6 na nusu au chini ya hapo walipungukiwa kwa karibu robo. Na waliozidisha saa 9 walipungukiwa zaidi hata kuliko hao. Kwa hiyo kulala mno nako si dawa. Halafu mwaka wa 2018, Wamarekani waliofuata habari za waume na wake zaidi ya 1,000 waliokuwa wakitafuta mtoto waliona kwamba mume alalaye chini ya saa 6 nafasi ya mkewe kushika mimba kila mwezi ilikuwa ndogo kwa zaidi ya theluthi, ukilinganisha na mume alalaye saa 8.

Msomaji mwenye akili atasema: huenda mtu asiyelala ana madeni, au ni mlevi, au ni mgonjwa, na hayo ndiyo yapunguzayo mbegu. Ni neno la haki. Habari za Denmark, China na Marekani zaonyesha kwamba mambo haya mawili huenda pamoja, wala hazithibitishi kwamba kwa kila mtu moja limeleta lingine. Lakini kwa wale vijana wa Chicago kilichobadilishwa kilikuwa saa za kulala, na homoni ikashuka. Kwa sababu hiyo mimi naona haifai kulidharau jambo hili, hasa kwa kuwa kulala hakuna bei dukani.

Mbegu nazo zina msimu

Mtu aliyesoma mpaka hapa pengine atalala vizuri kwa juma moja na kungoja mabadiliko. Hayataonekana. Mbegu moja ya mwanamume huchukua siku 74 hivi kutengenezwa, tena majuma mawili hivi kupita katika mirija na kukomaa. Jumla yake ni karibu miezi 3. Mkulima wa kahawa hataona ajabu, maana ajua kwamba tunda analolichuma leo lilikuwa ua miezi mingi iliyopita, na kama ua lilipatwa na jua kali hakuna mbolea ya leo iwezayo kulirudisha. Kadhalika mbegu za mwezi wa Februari ni kazi ya usiku wa Novemba na Desemba. Anayetaka kujua kama usingizi wamsaidia hana budi kuufuata miezi 3 mfululizo.

Hapo ndipo wauzaji wa dawa za nguvu za kiume wanapopata fedha. Husimama sokoni na kwenye vituo vya matatu, wana chupa na unga, na huahidi kazi kwa siku 3. Hakuna dawa iwezayo kutengeneza kwa siku 3 kile ambacho mwili hutengeneza kwa miezi 3. Baya zaidi, mtu aweza kukuta katika unga huo vidonge vilivyosagwa vyenye nguvu, ambavyo havimfai kabisa mwenye ugonjwa wa moyo.

Kuna tofauti pia ambayo watu huichanganya. Kuwa na nguvu ya kumwingilia mke si sawa na kuwa na mbegu. Mwanamume aweza kuwa na nguvu za simba na mbegu zake ni haba, na mwingine ambaye jogoo wake hawiki siku hizi akawa na mbegu njema. Usingizi wagusa yote mawili. Mwanamume mzima, akilala vizuri, mwili wake husimama wenyewe mara 3 hata 5 usiku mmoja, bila yeye kujua, na mara nyingine huamka asubuhi akiwa hivyo. Ni dalili kwamba mishipa yake ya damu na ya fahamu yafanya kazi. Akiona hivyo asubuhi, lakini jioni anashindwa, mara nyingi shida i katika uchovu au mawazo. Asipoona kabisa kwa miezi, amwone daktari, maana kisukari na ugonjwa wa shinikizo la damu huanza kujionyesha hapo hapo.

Pombe yastahili kutajwa, kwa kuwa wengi huitumia kama dawa ya usingizi. Humlaza mtu upesi, ni kweli, lakini baada ya muda wa saa chache huukatakata usingizi na kuondoa ndoto, na asubuhi mtu huamka amechoka. Ikinywewa nyingi kwa miaka huziumiza korodani zenyewe. Mwaka wa 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru pombe za bei rahisi ziharibiwe katika sehemu hizi za Kati, wanawake walikuwa wamelia kwa muda mrefu kwamba waume zao hawafai tena shambani wala chumbani. Watu wengine walicheka. Mimi nafikiri wanawake wale walikuwa wakieleza habari za afya. Miraa na muguka ni kinyume chake: huondoa usingizi kabisa, na dereva au mlinzi atafunaye ili akeshe hukuta mchana anapotaka kulala macho hayafungiki.

Kukoroma nako kusidharauliwe. Kuna mtu akoromaye sana, kisha hunyamaza ghafula kama aliyekufa, halafu hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Na mchana husinzia hata mkutanoni. Mke ndiye ajuaye, yeye mwenyewe hajui. Koo lake huziba usingizini, naye huamshwa mara nyingi usiku mmoja bila kukumbuka. Huyo aweza kukaa kitandani muda wa saa 9 na asipate hata 4 za kweli. Mara nyingi ni mtu mnene mwenye shingo nene. Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe jioni humsaidia; wengine huhitaji mashine ya kusukuma hewa puani. Wanaume wenye ugonjwa huu hupungukiwa na nguvu za kiume mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Usingizi hauponyi kila kitu

Haifai mtu yeyote aache kwenda hospitali kwa kuwa amesoma habari za usingizi. Kisonono kisichotibiwa chaweza kuziba mirija. Matubwitubwi yakimpata kijana aliyebalehe yaweza kuharibu korodani. Mishipa ya damu ikivimba kwenye korodani huzitia joto. Sigara huharibu mbegu. Hayo hayaondoki kwa kulala.

Kuna na dawa za shambani. Mwaka wa 1977, katika kiwanda kimoja cha California kilichotengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo DBCP, wafanyakazi waliona wao kwa wao kwamba hawapati watoto. Walipopimwa, wengine hawakuwa na mbegu hata moja. Dawa hiyo ilikwisha kutumiwa katika mashamba ya migomba ya Amerika ya Kati, na huko pia wanaume wengi walidhurika. Sisemi kwamba kila dawa ya kahawa ni kama ile. Nasema tu kwamba anyunyiziaye dawa akiwa amevaa shati na suruali anazolala nazo ahatarisha zaidi ya ngozi yake.

Mtu afanye nini, basi? Atafute usingizi wa saa 7 au 8, na alale na kuamka saa zile zile kila siku kadiri kazi inavyomruhusu. Saa moja yaweza kupatikana mahali pasipo na shida: kukamua kwaweza kupokezana mume na mtoto mkubwa, na mpira waweza kusikilizwa kesho. Chai nzito na kahawa ziachwe tangu jioni. Simu ilale jikoni. Wakati wa baridi ya Julai wengine huingiza jiko la makaa chumbani ili walale kwa joto. Hilo ni hatari ya kifo, maana hewa yake huua watu usingizini bila harufu. Blanketi la pili ni bora.

Kwa walinzi na watu wa zamu, shauri ni kulala mchana kwa mkupuo mmoja, mara tu baada ya kufika nyumbani, katika chumba chenye giza. Jamaa wa nyumbani wauheshimu usingizi huo kama wa usiku. Desturi ya kumwamsha mlinzi saa nne ya asubuhi ili akakate majani ya ng'ombe, kwa kuwa "yuko nyumbani tu", iondolewe. Vyama vya kahawa navyo vyaweza kupanga zamu za ulinzi ili mtu mmoja asikeshe usiku mwingi mfululizo katika msimu.

Mume na mke wakikaa pamoja mwaka mmoja bila mimba, wao wakiwa hawatumii njia ya kuzuia, waende wote wawili kupimwa. Kama mke amepita miaka 35 wasingoje zaidi ya miezi 6. Waulize kwanza kituo cha afya cha Wamagana, nao wataelekezwa hospitali ya Nyeri au penginepo panapohusika. Kipimo cha mume ni rahisi kuliko vyote vya mke, tena hakina maumivu. Akae siku 2 hata 7 bila kulala na mwanamke, kisha atoe manii katika chupa safi apewayo. Kama ameitoa nyumbani, aifikishe hospitali kabla ya saa 1 kupita, akiwa ameiweka karibu na mwili isipatwe na baridi. Kiwango cha chini kilichoandikwa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka wa 2021 ni mbegu milioni 16 katika mililita moja. Akiwa chini ya hapo daktari hatatoa hukumu siku hiyo, bali atataka kipimo cha pili baadaye, maana hata homa kali ya mwezi uliopita yaweza kupunguza hesabu. Daktari akiuliza habari za pombe, sigara na dawa za kunyunyizia, aambiwe kweli. Na asipouliza mtu alala saa ngapi, mume amwambie mwenyewe.